Kaimati Kwenye Bakuli la Pasaka

Naandika haya kwa ajili ya dada na kaka zangu wanaohudumia wazee majumbani huku Marekani, wale ambao wakala anawapigia simu saa mbili usiku kuwaambia kesho asubuhi kuna mteja mpya. Mimi niliambiwa maneno mawili tu: ni Myahudi, usiingie na nguruwe. Nikacheka. Mimi mtoto wa Pangani, Mwislamu, nguruwe nitamtoa wapi? Nikalala usingizi mnono, nikiamini kazi hii nimeshaiweza kabla sijaianza.

Hiyo ilikuwa Septemba 2021. Nyumba ipo Pikesville, nje kidogo ya Baltimore, mtaa ambao Ijumaa jioni magari hupungua na watu hutembea kwa miguu wamevaa kama wanaenda harusini. Mteja wangu alikuwa mjane wa miaka 87, nyonga imevunjika ikaungwa, kisukari kipo, akili timamu kuliko yangu. Malipo dola 14 kwa saa. Sijazoea kumwita mtu mzima kwa jina lake, kwa hiyo nikamwita Bibi. Akanikazia macho, akaniuliza nimejifunza wapi Kiyidi, ile lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kumbe wajukuu zake humwita Bobe. Alidhani nimekosea irabu tu.

Jiko lake lilikuwa na masinki mawili, seti mbili za sahani, droo mbili za vijiko. Kwao nyama na maziwa havichanganywi: bluu ni vya maziwa, vyekundu ni vya nyama, na kuku anahesabiwa nyama. Siku ya tatu nikakoroga supu ya kuku kwa kijiko cha bluu. Supu yote ikamwagwa, sufuria na kijiko vikawekwa pembeni hadi rabi, mwalimu wa dini yao, apigiwe simu. Vilikuwa vya chuma, kwa hiyo vilikuja kuokolewa kwa maji yanayochemka. Nilijiona nimefanya kosa dogo. Sikujua kwamba nimefundishwa somo ambalo ningelihitaji baadaye: chuma kinasamehewa, udongo hausamehewi.

Jambo jingine ambalo wakala hakunieleza ni moto. Nikitaka kumpikia, Bibi lazima awashe jiko kwa mkono wake, kwa sababu kwa desturi yao chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake hakifai. Asubuhi za baridi nilikuwa naona ni usumbufu, mtu mwenye nyonga mbovu kuja na kigari chake cha kutembelea hadi jikoni kuzungusha kitufe kisha arudi kitandani. Siku moja nikawasha mwenyewe ili apumzike. Mayai yale hakuyala. Hakusema neno, aliyasogeza tu. Ukifika kwenye nyumba ya namna hii, huruma yako isitangulie maswali yako. Makosa yangu yote makubwa, na utayaona, niliyafanya nikijaribu kusaidia.

Ijumaa ya kwanza nilizima taa ya jikoni kabla ya kumtengea chakula sebuleni. Kwetu mtoto anayeacha taa inawaka anakaripiwa. Basi taa ile ilikuwa imeachwa makusudi, iwake hadi Jumamosi usiku, kwa sababu siku ya Sabato hawawashi wala hawazimi. Friji nayo kibonyezo cha taa yake kinabandikwa gundi ya karatasi mapema ili mlango ukifunguliwa isiwake. Na kilichonichanganya zaidi, haifai kuniamuru niiwashe tena kwa ajili ya starehe yake. Akakaa gizani mbele ya sahani. Baada ya muda akasema, kana kwamba anaongea na ukuta, "Leo naona chakula changu kwa pua."

Hapo ndipo nilipompenda yule mama. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa mafumbo, mtu anakutukana kwa kanga na unamshukuru. Nikainuka nikawasha taa ya korido, nikisema kwa sauti kuwa mimi mwenyewe sioni vizuri ninapopita. Akatabasamu. Tangu siku ile "chumba kina baridi" na "leo jua halijaingia humu" zikawa lugha yetu ya Ijumaa.

Lakini mafumbo yana mipaka, na hili lishike sana. Jumamosi moja aliteleza bafuni. Nikasimama na simu mkononi dakika nzima, pengine mbili, nikiogopa kuwaharibia Sabato. Akanipigia kelele kutoka sakafuni: "Piga simu! Uhai kwanza!" Dini yao haina utata hapo, kuokoa maisha kunavunja Sabato, na kuna anayepewa dhambi kwa kuchelewa. Dawa, ambulansi, sukari imeshuka: usisubiri fumbo.

Siku zile za mwanzo niliangukia katikati ya msimu wao mkubwa. Mwaka mpya, siku kumi za toba, mfungo wa Yom Kipuri, kisha siku za vibanda, zote ndani ya wiki tatu na ushei. Muombe mtu wa familia akuandikie kalenda nzima siku unayoanza kazi. Hesabu yao ni ya mwezi kama yetu, ila wao huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, ndiyo maana sikukuu zao hazitoki kwenye majira yake wakati Ramadhani yetu inazunguka mwaka wote. Na siku yao inaanza jua linapotua. Mimi hilo halikunipa tabu, usiku wa Ijumaa kwetu nao ndio ule wa Alhamisi. Mwenzangu mmoja aliyelelewa kwa kalenda ya ukutani alikosa zamu mbili kwa sababu hiyo.

Yom Kipuri hufungwa saa 25 hivi, bila chakula wala maji. Bibi na kisukari chake alitaka kufunga. Nikajiandaa kugombana naye, kumbe rabi alishafika kabla yangu. Aliamriwa ale, ila kwa kipimo: chakula kidogo kuliko tende kubwa, asubiri dakika tisa, kisha tena. Tende! Nilikaa na saa ya jikoni na vikombe vidogo vya dawa, namlisha kila dakika tisa, naye kila mara ananuna kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Aliniambia kwamba kwake kula siku ile kulikuwa kugumu kuliko kufunga. Nilimwamini, nimewaona wazee wetu wenye vidonda vya tumbo Ramadhani.

Kwenye vibanda nilijiona fundi. Mtoto wake wa kiume alikuwa anatandika matawi juu ya kibanda uani, mimi nikaona mianya, nikapanda ngazi nikaanza kuziba vizuri kama tunavyopanga makuti. Akanishusha akicheka. Paa lile linatakiwa liwe jembamba uone nyota, na mvua ikinyesha iingie. Ikizidi, mnabeba supu mnakimbilia ndani, na ruhusa hiyo ipo.

Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa, ilipita upesi. Bibi alikaanga viazi vilivyoparazwa, ndugu wa karibu wa katlesi, na mishumaa ikiwaka haikuruhusiwa kufanya kazi kwa nusu saa. Tulikaa tu tukiitazama. Nusu saa ya kulipwa kwa kutazama moto, sijapata tena kazi kama hiyo.

Sasa Pasaka.

Mwaka 2022 Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, si ile ya Wakristo, iliangukia ndani ya Ramadhani, usiku wa kwanza ukiwa Ijumaa tarehe 15 Aprili. Usafi ulianza mwezi mzima kabla. Wanachotafuta ni hametzi: ngano, shayiri, rai, oti na jamaa yao mmoja wa ngano ya kale, zikishakutana na maji zikakaa zaidi ya dakika 18 bila kuokwa. Kwa siku nane haitakiwi iliwe, wala ionekane, wala imilikiwe. Tulikung'uta kurasa za vitabu. Tulichokonoa kinanda kwa kijiti. Bibi alikaa kwenye kiti akiniongoza kwa fimbo kama msimamizi wa bandari, na mimi nimefunga, ulimi umekauka, nasugua mlango wa oveni kwa mara ya pili. Vyombo vya mwaka mzima vikafungiwa kabatini na kubandikwa utepe. Vyakula vyenye hametzi vilivyobaki viliuzwa kupitia rabi kwa mtu asiye Myahudi, kwa mkataba halisi, kisha vikanunuliwa tena sikukuu ilipokwisha. Mchele nao ukafungiwa, kwa sababu Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki huacha pia wali, maharage na mahindi siku hizo. Wengi wa asili ya Uarabuni, na baadhi ya wale wa Afrika Kaskazini, wanakula wali. Niliuliza kama Bibi hawezi kuhamia kwao kwa siku nane tu.

Kutoka chini ya ngazi lilitolewa sanduku la vyombo vya Pasaka. Ndani, limefungwa taulo, kulikuwa na bakuli la udongo lenye maua ya buluu, ukingo umemeguka kidogo. Nikaliosha na kuliweka juu ya meza ya jikoni iliyofunikwa karatasi ya alumini.

Jumatano tarehe 13 nilikuja zamu ya jioni na futari yangu. Mimi kwa kawaida nilileta sahani zangu za karatasi na kula kwenye kijimeza cha ukumbini, ndivyo tulivyokubaliana. Siku ile sahani zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimechoka, Bibi amelala, Magharibi inakaribia. Nilikuwa na kaimati za shira nilizozipika nyumbani, zimepoa na kukakamaa. Nikatazama huku na huku, nikaona bakuli safi. Nikamimina kaimati humo, nikaliingiza ndani ya oveni dakika kumi.

Soma tena. Unga wa ngano, uliotiwa hamira, ukaumuka saa mbili, ukakaangwa kwenye jiko lisilo koshi, yaani lisilofuata sheria zao za chakula, ukapashwa moto kwenye oveni ya Pasaka ndani ya bakuli la Pasaka. Hata ningepanga kwa makusudi nisingeweza kukosea kwa ukamilifu namna ile.

Nimeshafungua kwa tende moja nikasikia kigari chake kinakuja. Alikuwa amefuata harufu. "Ni nini kitamu hivyo?" akauliza, na uso wake ulikuwa na furaha kabisa. Kisha akaona bakuli. Akavuta kiti akakaa, mikono mapajani. Mimi nikalikimbiza bakuli kwenye sinki na maji ya moto. Akasema taratibu, "Acha. Kuosha hakusaidii."

Rabi alipigiwa simu, oveni ikasemwa inaokoleka kwa kuchomwa moto mkali kabisa. Bakuli hapana. Udongo unakunywa kile kinachopikiwa ndani yake na hautoi. Mtoto wake wa kiume alikuja, akapandisha sauti, akasema kesho atamwambia wakala alete mtu mwingine. Sikumjibu. Nilikaa garini na kaimati zangu kwenye mfuko wa plastiki nikalia, sikuonja hata moja. Nilijua hasira yake ni ya haki. Nilichokuwa sijui ni uzito wake.

Asubuhi Bibi mwenyewe aliniambia. Mama yake aliingia Marekani kutoka Lithuania mwaka 1923, msichana, mwaka mmoja kabla ya sheria ya 1924 iliyowafungia mlango watu wa Ulaya Mashariki. Alikuja na mto wa manyoya na bakuli lile ndani yake. Waliobaki kule, wazazi, dada wawili, walikuwamo katika Wayahudi wa Lithuania ambao zaidi ya tisa katika kila kumi waliuawa wakati wa vita, wengi wao mwaka 1941. Hakukuwa na picha. Kulikuwa na bakuli, na namna ya kupika samaki wa kuweka ndani yake.

Nikaenda kununua jingine. Dola 62, zaidi ya mshahara wa saa nne. Lilikuwa zuri, na maua ya buluu. Bibi aliligeuza, akaliangalia chini, akaniuliza bila ubaya, "Na hili mama yangu alilishika lini?" Akaniambia nilirudishe dukani nichukue pesa zangu. Ukivunja au ukiharibu kitu cha watu hawa, au cha watu wowote, usikimbilie kufidia. Uliza kwanza ni kitu gani.

Na wakala? Aliyekataa niondolewe ni Bibi mwenyewe. Alimwambia mwanawe kwamba mtu aliyefunga tangu alfajiri ana haki ya kukosa akili saa moja na nusu jioni.

Basi Alhamisi ile usiku tukatafuta hametzi ya mwisho kwa mshumaa, unyoya na kijiko cha mti. Vipande kumi vya mkate vinafichwa makusudi, ili mtafutaji asitoke mikono mitupu. Asubuhi vikachomwa uani. Na mchana, kabla Sabato haijaingia, tukapika samaki.

Hapa lazima nieleze ugomvi wa familia hiyo. Samaki wa gefilte ni samaki wa maji baridi aliyesagwa, akachanganywa na kitunguu, mayai na unga wa matza, ule mkate wao mkavu usioumuka, akafinyangwa mabonge na kuchemshwa, kipande cha karoti juu. Wayahudi wa asili ya Poland humtia sukari. Wa Lithuania humtia pilipili manga. Mkwe wa Bibi alikuwa wa ukoo wa sukari, na kwa miaka 30 wanawake wale wawili walikuwa wanapelekeana mabakuli mawili mezani bila kuonja la mwenzake. Mimi mtu wa Pangani nilijua mara moja nipo upande gani. Bibi hakuwa na kipimo. Mafuta na maji alipima kwa nusu ganda la yai, kitunguu kwa macho, na pilipili alisaga juu ya sufuria hadi apige chafya. Akipiga chafya, imetosha. Alikuwa ananiambia nisage mimi, kwa kuwa mikono yake imechoka, yeye akiweka pua.

Usiku wa Seda, ile karamu ya ibada ya kufungulia Pasaka, nilikuwa zamu. Waliketi watu 14. Walisoma Hagada, kile kitabu cha kisa cha kutoka Misri, kwa zamu, wakibishana kila ukurasa. Kitukuu wa miaka sita akaimba maswali manne, kwa nini usiku huu ni tofauti na mengine. Kwenye mapigo kumi kila mtu alichovya kidole akadondosha tone la divai kwa kila pigo, kwa sababu, Bibi alininong'oneza, waliokufa kule nao walikuwa watu. Mzizi mchungu nilikuwa nimeuparaza mimi, unapanda puani kama mtu amekupiga kofi kwa ndani. Walipofika mahali pa kumfungulia mlango Nabii Eliya, yule ambaye sisi tunamwita Ilyasi, wakaniomba mimi nifungue kwa kuwa nipo karibu.

Nikafungua. Hakuna mtu, baridi tu na taa za barabarani. Mlango ukifunguliwa kwetu kuna neno lake. Likanitoka lenyewe, kwa sauti: "Karibu."

Meza nzima ikageuka. Kitukuu akauliza nimesema nini, nikamweleza. Akalirudia. Mwaka uliofuata, 2023, Pasaka ikaangukia tena ndani ya Ramadhani, nami nikiwa jikoni nikamsikia akikimbia mlangoni kabla hajaambiwa, na "Karibu!" yake ikasikika hadi kwa jirani. Mkwe wa Bibi aliandika neno lile kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa Hagada yake. Nimeliona kwa macho yangu.

Bakuli lilikaa kwenye ubao wa ukumbini hadi sikukuu ilipokwisha, halina kazi tena katika nyumba ya koshi. Kisha siku moja nikalikuta limefungwa taulo lile lile juu ya mkoba wangu. Nikakataa mara tatu, kama adabu inavyotaka. Mara ya nne akasema, "Limeshakunywa kaimati. Lipe kaimati." Ninalo. Silitii ndani ya oveni.

Bibi alifariki Novemba 2024. Walimzika upesi, kama sisi. Wakakaa siku saba kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa, majirani wakileta chakula kwa zamu. Niliketi nao siku mbili bila malipo. Kwa mkataba wa wakala, mteja akifa kazi imekwisha siku hiyo hiyo, na hilo nalo ujiandae nalo, kwa pesa na kwa moyo. Nilikaa wiki tano bila mteja.

Aprili 2025, siku mbili kabla ya Pasaka, simu ikalia nikiwa kwenye foleni ya mafuta. Mjukuu wake wa kike, yule aliyekuwa chuoni miaka yote ile na kuja kula tu. Alikuwa jikoni kwa Bibi, samaki kwenye bakuli jipya la chuma. Mama yake, yaani yule mkwe wa sukari, alikuwa amesimama pembeni, na ndiye aliyesema nipigiwe mimi. Akaniuliza kitunguu kinaparazwa kibichi au kinakaangwa kwanza. Kibichi, nikamwambia. Mayai mangapi? Manne, na maji ganda la nusu yai mara tatu. Akaniuliza pilipili vijiko vingapi.

"Unasaga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Umeshapiga chafya?"

Nikasikia kinu kinazunguka, kinazunguka. "Bado," akasema.

"Basi ongeza."